Kuandikwa polisi: nani hufungua mlango, na cheo hutoka wapi?

Wiki moja kabla ya makurutu wa polisi kuandikwa, Novemba 2025, jirani yangu mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, alinijia alasiri akiwa amefumbata leso. Aliifungua mezani pangu, juu ya fotokopi za watu. Ndani mlikuwa na bangili nne za dhahabu, zile alizovishwa siku ya harusi yake. Alitaka nimsindikize kwa sonara. Kuna mtu alikuwa amempigia simu akamwambia kwamba barua ya mwito ya kijana wake iko tayari Nairobi, imebaki kutolewa tu, na kutolewa kwake ni shilingi laki tatu.

"Mwanangu, wewe ndiye unayetuandikia barua za serikali," akaniambia. "Hebu nambie, huyu bwana ni mkweli?"

Nilimwomba aketi, nikamtilia kahawa. Tuliinuliwa na adhana ya magharibi. Katika muda huo nilitambua kwamba mama huyu hakuwa mjinga hata kidogo. Redioni alikuwa amesikia kwamba Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ndiyo inayoandika polisi. Baadaye akasikia mahakama imesema si Tume. Mwanawe alimwambia wenye digrii huanza kazi na nyota begani. Shemeji yake, aliyekuwa polisi wa akiba upande wa bara, alimhakikishia kuwa waliojitolea hupewa ajira kwanza. Na barazani kila mtu anajua kwa yakini yake kwamba nafasi za Lamu huliwa na watu wa mbali. Mtu aliyejazwa habari zinazopingana namna hiyo ndiye anayefikia kuuza dhahabu. Aliyempigia simu alilijua hilo, na hasira niliyokuwa nayo kwake siku ile bado ninayo.

Niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu swali lake naulizwa kila mara tangazo linapotoka, na mara nyingi naulizwa baada ya pesa kwenda.

Askari ni nani, polisi ni nani

Kwetu Amu, yaani mji wa Lamu, neno askari limebebeshwa watu wengi mno. Anayelinda lango la hoteli Shela ni askari. Anayewaondoa wachuuzi Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, ni askari. Mwanajeshi anayepita kijiji cha Hindi kuelekea msitu wa Boni ni askari, mlinzi wa wanyamapori ni askari, na mzee wa kijijini aliyepewa bunduki ya serikali ili alinde jirani zake, naye ni askari. Hawa wote hawaandikwi kwa mlango mmoja, na hakuna kati yao aliye polisi wa kuajiriwa.

Polisi tunaowazungumzia ni wale wa Huduma ya Taifa ya Polisi, iliyoundwa na kifungu cha 243 cha Katiba ya 2010. Ndani yake mna matawi mawili: Polisi wa Kenya, ndio tunaowakuta kituoni tukienda kuandikisha ripoti, na Polisi wa Utawala, ambao wengi bado tunawaita AP. Idara ya upelelezi wa jinai imo humohumo.

Neno la kushika hapo ni "taifa". Lamu haina polisi wake, Kilifi haina, wala Mombasa. Ugatuzi ulipokuja, afya ya vituo na hospitali za kaunti ilishuka kwa magavana, lakini polisi hawakushuka. Askari wa kaunti ni wa gavana na kazi yao ni sheria ndogo za kaunti, kama leseni za biashara na usafi wa mji. Kijana akiniambia ameahidiwa na mtu wa kaunti kwamba ataingizwa polisi, mimi humuuliza kwanza: kwa mlango upi?

Mwaka 2018 mambo yalichanganyika zaidi. Septemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango mpya ambao ulihamisha zaidi ya askari 24,000 wa Polisi wa Utawala na kuwatia katika Polisi wa Kenya. Sare ya buluu ndipo ilipotangazwa. AP waliosalia wakabaki na kazi mahsusi: mipaka, mitambo na majengo muhimu ya taifa, wizi wa mifugo, vikosi vya kwenda haraka panapoharibika. Ndiyo maana polisi wa mpakani unaowakuta upande wa Kiunga ni AP, na yule anayekuandikia kesi yako mjini, hata kama alianza kazi akiwa AP, leo anahesabiwa Polisi wa Kenya.

Mwenye chombo na nahodha

Sasa tuje penye tope. Nani huandika polisi?

Fikiria jahazi. Lina mwenye chombo na lina nahodha. Baharini hakuna amri ila ya nahodha: akisema tanga lishuke, linashuka. Lakini nani huchagua mabaharia, nani huwaongeza posho, nani humwambia baharia kesho usije? Pengine ni nahodha, kwa kuwa ndiye atakayesafiri nao. Pengine ni mwenye chombo, ili nahodha asije akajaza chombo shemeji zake. Wasipopatana juu ya hilo kabla ya kung'oa nanga, watagombana.

Katiba ya 2010 iliandikwa nchi ikiwa na majeraha ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley, mwaka 2009, kilikuwa kimeshachimba matatizo ya polisi na kutaka mageuzi makubwa. Waliokuja kuandika Katiba wakaona ni hatari kumwachia mtu mmoja aamuru, aandike, apandishe na afukuze. Wakagawa mikono.

Inspekta Jenerali akapewa usukani. Anateuliwa na Rais, Bunge linamwidhinisha, anakaa miaka 4, na kipindi chake ni kimoja tu. Kifungu cha 245 kinamlinda hata dhidi ya Waziri. Waziri anaweza kumpa mwelekeo wa sera kwa maandishi, lakini hakuna mtu yeyote anayeruhusiwa kumwelekeza juu ya kuajiriwa, kupandishwa cheo, kusimamishwa au kufukuzwa kwa askari fulani. Jirani yangu nilimsomea sentensi hiyo mara mbili.

Kifungu cha 246 kikaunda Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Ina wajumbe tisa: mtu mwenye sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu, maofisa wakuu wawili wastaafu wa polisi, watu watatu wenye uadilifu waliowahi kuutumikia umma kwa sifa njema, na pamoja nao Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili. Tume hiyo imepewa kazi ya kuandika na kuteua watu katika nafasi za Huduma, kuwathibitisha, kuamua vyeo na uhamisho, na kusimamia nidhamu. Kifungu kinaagiza pia kwamba sura ya Huduma ifanane na sura ya nchi, kwa maeneo na kwa makabila.

Ukisoma hivyo utaona jambo limekwisha. Halikuisha. Mwaka 2025 ilipotangazwa kwamba makonstebo 10,000 wataandikwa, shauri lilifika mahakamani, na tarehe 30 Oktoba Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba kuandika makurutu ni kazi ya Huduma yenyewe chini ya Inspekta Jenerali, na kwamba Tume haina mamlaka hayo. Inspekta Jenerali akatoa tangazo lake, na tarehe 17 Novemba, siku ya Jumatatu, vijana wakapimwa nchi nzima.

Mimi ni raia wa kawaida, na nikikisoma kifungu cha 246 naona maneno "kuandika na kuteua" yamekaa waziwazi upande wa Tume. Uamuzi ule ulinishangaza. Hata hivyo hoja ya upande wa pili nimeielewa: anayebeba lawama ya kikosi vitani na mitaani ni Inspekta Jenerali, na ni vigumu kumpa mtu amri ya watu asiowachagua. Mvutano huu unaweza kuguswa tena na mahakama za juu au na Bunge. Kwa kijana aliyeko foleni, hata hivyo, kuna mambo ambayo mvutano huo hauyagusi: sifa zinazotakiwa hutangazwa hadharani, zoezi hufanywa uwanjani mbele za watu, na halilipiwi hata senti moja, awe anayesimamia ni Tume au ni Inspekta Jenerali.

Nikamuuliza jirani yangu: "Bi, kijana wako ameshapimwa?" Akasema bado, ni Jumatatu ijayo. "Basi barua yake imeandikwa na nani, naye hajaonekana?" Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuifunga ile leso.

Siku ya uwanjani

Sifa za kuingilia ukonstebo zimekaa karibu vilevile kwa miaka mingi. Uwe raia wa Kenya. Uwe na umri wa miaka 18 hadi 28. Mwenye digrii hukubaliwa hadi 30. Uwe umepata angalau alama ya wastani ya D+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na angalau D+ katika Kiswahili au Kiingereza. Mwanamume awe na urefu wa futi 5 na inchi 8, mwanamke futi 5 na inchi 3. Asiwe na rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa kuandikwa wala wa mafunzo.

Hiyo D+ huwapotosha wengi. Katika ngazi ya alama 12 za KCSE, ambapo A ni 12 na E ni 1, D+ ina pointi 4. Watu hufanya hesabu ya haraka: polisi ni kazi ya walioanguka. D+ ni kizingiti cha mlango tu. Uwanjani utasimama na wenzako wenye C na B, na wapo wenye digrii kabisa, kwa sababu ajira nyingine hazipatikani. Kizingiti kinakuruhusu kuingia ukumbini, hakikupi kiti.

Nilikwenda na yule kijana siku ya Jumatatu. Nataka nieleze nilichokiona, kwa kuwa wengi waliobaki nyumbani hudhani mambo yote hufanyika nyuma ya pazia.

Kwanza zilikaguliwa karatasi: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, nakala halisi. Hapo peke yake vijana kadhaa walirudi. Mmoja jina lake katika cheti cha kuzaliwa lilikuwa Abubakari na katika kitambulisho Abubakar. Alisimama pembeni na bahasha yake ya khaki, akiitazama kama ambaye anatarajia herufi ile ijirudishe. Mambo haya ya majina ni ugonjwa wetu wa Pwani: mtoto huandikwa na mkunga kwa jina moja, mwalimu akaliandika kwa sikio lake, na ofisi ya vitambulisho ikaongeza la babu. Marekebisho huchukua wiki, hata miezi. Ukimtaka mwanao aandikwe kazi yoyote ya serikali, anza hapo, akiwa bado shuleni.

Kisha kijiti cha urefu. Kijana wetu alivua viatu, akasimama wima, akashusha pumzi. Ofisa alishusha ubao mpaka utosini, akatazama, akamwambia aondoe visigino juu. Kumbe alikuwa amevinyanyua bila kujijua, kwa hofu. Akapita kwa upana wa kidole. Wakamtazama miguu: magoti yasigongane, unyayo usiwe bapa. Wakamtazama meno, vidole, macho. Halafu mbio.

Kwenye mbio ndipo watu huchujwa kwa wingi, na ndipo vijana wetu wa visiwani huumia. Mtu amelelewa baharini, ana mabega ya kuvuta kamba tangu alfajiri, lakini hajawahi kukimbia kilomita hata moja mfululizo. Wenzao waliotoka mashambani huko bara waliondoka kama upepo. Wetu alifika, lakini alifika na kundi la nyuma, mate meupe mdomoni. Hakuchukuliwa. Alilia bila sauti, uso umeelekea ukutani, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Na hao wa visiwani wana mzigo mwingine. Ukiwa wa Kizingitini au Ndau, kufika uwanjani asubuhi kunahitaji chombo, nauli, na pengine kulala kwa watu usiku wa kuamkia. Mwenzako wa mjini alikula uji akatembea dakika kumi. Karatasi haina pa kuandika jambo hilo, lakini miguu inalijua.

Kila kaunti ndogo ina mgao wake wa nafasi. Hapo ndipo penye kilio cha "nafasi zetu zimeliwa", na siwezi kukidharau, maana kina sababu. Julai 2014 makurutu 10,000 waliandikwa. Mamlaka huru ya usimamizi wa polisi, IPOA, ilifuatilia zoezi hilo, ikaona kasoro nyingi, ikaenda mahakamani. Tarehe 31 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikalifuta lote, na Mei 2015 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Baadaye kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichowasilisha ripoti yake mwaka 2023, nacho kikaonyesha kwamba hongo na upendeleo bado vinakula uandikishaji na upandishaji vyeo.

Kwa hiyo siwezi kumwambia jirani yangu kwamba hakuna anayehonga. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, fikiria wale waliolipa mwaka 2014: mahakama ilipofuta zoezi, barua zao zikawa karatasi tupu, na hakuna aliyeweza kwenda kudai pesa zake kwa wakili. Hata walioingia kwa haki walirudishwa mwanzo pamoja nao. La pili, sheria ya hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na adhabu yake inaweza kufika miaka 10 jela, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mama anayeuza bangili kwa mapenzi ya mwanawe, mbele ya sheria hiyo, ni mtuhumiwa. Nililisema hilo kwa uzito, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwambia.

Kiganjo, na baada ya Kiganjo

Aliyechukuliwa hajawa polisi bado. Ni kurutu. Makurutu wa Polisi wa Kenya huenda chuo cha Kiganjo, Nyeri, chini ya Mlima Kenya, na wa Polisi wa Utawala huenda Embakasi, Nairobi. Kiganjo ni baridi ambayo mtoto wa Amu hajawahi kuiwazia.

Muda wa mafunzo umekuwa ukipanda na kushuka. Kumewahi kuwa na miezi 6, miezi 9, na wapo waliokaa zaidi ya mwaka, baada ya kikosi cha Ransley kusema muda mfupi ndio unaozaa polisi wa kupiga kabla ya kuuliza. Naungana nao. Fundi wa Matondoni hamkabidhi mwanafunzi shoka akachonge taruma la jahazi baada ya miezi sita, na taruma haina roho.

Wengi hudhani mafunzo ni kwata na bunduki. Kwata ipo, na ni kubwa, kwa kuwa inamfundisha mtu kutii na kutenda pamoja na wenzake. Lakini kuna sheria ya jinai na ya ushahidi, haki za binadamu, namna ya kumkamata mtu na kuandika taarifa, huduma ya kwanza, trafiki, na ushirikiano na jamii. Ukienda kituoni na ofisa akashindwa kukuandikia taarifa yako ikaeleweka, hapo umeona mahali mafunzo yalipopwaya, hata kama gwaride lake lilipigiwa makofi.

Siku ya gwaride la kuhitimu kurutu huwa konstebo. Na hapa imani nyingine huvunjika: aliyeandikwa Lamu si lazima atumwe Lamu. Mara nyingi hutumwa mbali, Turkana au Busia, na anayekuja kwetu Faza au Witu ni mtoto wa kwingine. Huduma ni ya taifa, na kuna hekima ya kutomweka mtu mahali ambapo kila mshukiwa ni binamu yake.

Lakini sisi wa Lamu tunalo la kusema hapo. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, tumeishi na vizuizi, doria na amri za kutotoka usiku. Ofisa ambaye hajui kwamba mvuvi hufuata maji yanapojaa na kutoka, na wala hafuati saa ya ukutani, atamwona kila anayetembea saa tisa usiku na wavu begani kuwa mtu wa kutiliwa shaka. Simtaki binamu yangu kituoni. Namtaka ofisa aliyefundishwa mahali anapokuja, na wenzake wawili watatu wanaojua Kibajuni.

Kuhusu polisi wa akiba: shemeji yake jirani yangu alikosea. Polisi wa akiba ni raia wanaojitolea kusaidia ulinzi wa vijiji vyao, na hapa kwetu wamefanya kazi kubwa, wengine wakapoteza maisha. Lakini kujitolea huko hakugeuki kuwa ajira peke yake. Akitaka kuwa konstebo, atapanga foleni ileile, kwa umri uleule na cheti kilekile.

Ngazi, na kiti kilicho juu yake

Jambo ambalo hata wasomi hulichanganya ni tofauti ya cheo na wadhifa. Cheo unakwenda nacho popote. Wadhifa unauacha ukihamishwa. OCS ni wadhifa, maana yake mkuu wa kituo. Cheo chake kinaweza kuwa Chifu Inspekta, na akihamishiwa ofisini Nairobi ataendelea kuwa Chifu Inspekta ila hatakuwa OCS tena. Ni kama jahazini: ubaharia na ujuzi wake ni wake, usukani ni wa safari hii.

Vyeo vyenyewe vimejipanga hivi. Chini kuna konstebo, halafu koplo mwenye V mbili, sajini mwenye V tatu, na sajini mwandamizi. Hao ndio wengi unaowaona barabarani na kituoni. Juu yao anaanza Inspekta, na hapo alama ni nyota za begani, kisha Chifu Inspekta. Wanafuata maofisa wa usimamizi ambao redioni husikika kama suprintendenti, na Tanzania huitwa warakibu. Kisha Kamishna, Inspekta Jenerali Msaidizi, Msaidizi Mwandamizi, Manaibu wawili, na Inspekta Jenerali mwenyewe.

Konstebo hupandaje? Miaka kazini peke yake haitoshi, ingawa wengi huiona ndiyo kila kitu. Inatakiwa nafasi iwepo, awe ametumikia cheo chake muda uliowekwa, faili lake la nidhamu liwe safi, wakubwa wake wampendekeze, na awe amepita kozi ya kupandia. Sharti la nafasi ndilo lenye uchungu. Jahazi lina usukani mmoja. Unaweza kuwa na mabaharia ishirini wanaoweza kuushika, na kumi na tisa wakazeeka wakivuta kamba. Ndiyo maana utamkuta konstebo wa miaka ishirini kazini, mwenye busara, anayepokea amri kwa Inspekta wa umri wa mwanawe.

Huyo Inspekta kijana alitoka wapi? Kuna mlango wa pili. Mara kwa mara huandikwa wenye digrii moja kwa moja kama makadeti wa uinspekta, kwa tangazo lao maalumu na mafunzo yao. Lakini mwenye digrii aliyeingia kwa mlango wa ukonstebo ni konstebo. Digrii yake inaweza kumsaidia mbele ya safari, haimpi nyota. Jambo hili liliwaumiza watu mwaka 2018, pale makonstebo wenye digrii waliokuwa wakilipwa mshahara wa ngazi ya Inspekta walipopunguziwa, wakaenda mahakamani. Kijana wa jirani yangu hana digrii, lakini rafiki yake anayo, na ndiye aliyekuwa amemwambia habari za nyota.

Ngazini mnakaguliwa pia. Tangu 2013 Tume ilianza kuwachunguza maofisa mmoja mmoja, kuanzia wa juu: mali zao, akaunti zao, malalamiko dhidi yao. Nakumbuka tulivyokuwa tukisikiliza mahojiano yale redioni, maofisa wakuu wakiulizwa pesa zilitoka wapi, na mitaa yote imetulia.

Kule juu kabisa ngazi hukatika. Inspekta Jenerali hapatikani kwa kupanda daraja la mwisho tu, anateuliwa. Joseph Boinnet, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 2015, na Hilary Mutyambai aliyemfuata mwaka 2019, wote walitokea idara ya ujasusi. Kwa konstebo wa Faza hilo liko mbali sana. Linalomgusa ni koplo: nani ataamua V zake mbili. Kwa Katiba, anayeamua vyeo ni Tume, na mapendekezo huanzia kwa wakubwa wake wa kituo. Akiona amerukwa bila haki, ana haki ya kulalamika kwa Tume, na mwananchi anayelalamikia ofisa ana njia ya IPOA. Malalamiko ya maandishi, yenye tarehe na majina, husomwa. Ninaandika mengi ya hayo hapa dukani, na mara kadhaa nimeona jibu likirudi.

Kijana ana miaka 22. Ana nafasi mpaka 28, kwa hiyo tumekaa chini tukapanga. Kwanza jina lake katika cheti cha kuzaliwa, ambalo kwa bahati liko sawa. Pili miguu. Siku hizi maji yakitoka alfajiri humwona akishuka pwani, akikimbia mchangani kutoka mjini hadi Shela na kurudi, kabla bahari haijaifunika njia. Mamake hukaa kizingitini na saa ya mwanawe mkononi, ile ya plastiki, kando ya bangili zake nne, akihesabu dakika.